Upasuaji wa umeme: Mashine ikifika Simiyu, bamba lake ananunua nani?

Mgonjwa akiambiwa anatakiwa kufanyiwa upasuaji, swali la kwanza la ndugu zake huwa moja: damu ipo? Ni swali la msingi. Katika Kanda ya Ziwa malaria, minyoo, kichocho na selimundu huwapunguzia watu damu hata kabla hawajafika hospitali. Mama au mtoto anayeingia chumba cha upasuaji akiwa tayari ana upungufu wa damu hana akiba ya kupoteza.

Swali la pili huulizwa mara chache: damu hiyo itazuiwaje isimwagike? Katika vyumba vingi vya upasuaji duniani, sehemu kubwa ya jibu ni mashine ya kukaa juu ya meza, yenye waya unaoishia kwenye kitu kinachofanana na kalamu. Inaitwa dayathemi. Inakata nyama na kuziba mishipa ya damu kwa joto linalotokana na umeme. Ikitumiwa vizuri inaokoa damu na muda. Ikitumiwa ovyo inamuunguza mgonjwa aliyelazwa kwa nusu kaputi, ambaye hawezi hata kusema kwamba anaungua.

Leo tuitazame mashine hii kwa macho ya mkazi wa Simiyu, kwa sababu huko habari ya upasuaji imebadilika sana ndani ya miaka michache.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukiwa na wilaya tano za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko zaidi ya watu milioni 2.1. Kwa muda mrefu, mgonjwa aliyehitaji daktari bingwa alipandishwa gari kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, kupitia Lamadi na Magu. Kisha ikaja hospitali ya rufaa ya mkoa, iliyojengwa Nyaumata mjini Bariadi, na mwaka 2018 Rais John Magufuli akafungua sehemu yake ya kwanza. Mwaka huohuo Wizara ya Afya ilizindua mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na huduma za usingizi wa miaka ya 2018 hadi 2025. Wakati huohuo vituo vya afya vingi nchini vilikuwa vinajengewa vyumba vya upasuaji ili mama mwenye uzazi pingamizi asilazimike kusafirishwa mbali.

Upasuaji, kwa maneno mengine, umesogea karibu na wananchi. Na unaposogea, vifaa vyake vinasogea navyo, pamoja na hatari zake. Kununua mashine ya dayathemi ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni vitu vidogo vinavyoifuata: bamba, waya, umeme usioyumba, fundi wa kuipima na mtumishi anayeielewa. Hivi havikatiwi utepe siku ya uzinduzi, lakini ndivyo vinavyoamua kama mgonjwa atatoka salama.

Joto bila moto

Jina la mashine hii limetoka kwenye maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "kupitia" na "joto". Umeme tunaotumia majumbani hubadili mwelekeo mara 50 kwa sekunde, kasi ambayo misuli na moyo huifuata, na ndiyo maana ukigusa waya ulio wazi unakupiga shoti. Miaka ya 1890 mtafiti wa Ufaransa, Arsène d'Arsonval, alionyesha kwamba kasi hiyo ikipandishwa kupita mara 10,000 kwa sekunde, misuli haishtuki tena. Mashine za leo za upasuaji hufanya kazi kwenye mamia ya maelfu, nyingine hadi mamilioni, ya mizunguko kwa sekunde. Umeme huo hugeuka haraka mno kiasi kwamba neva hazipati nafasi ya kuitikia. Kinachobaki ni joto.

Umeme hutoka kwenye mashine, hupita kwenye ncha ya kalamu, huingia mwilini na kutokea kwenye bamba pana lililobandikwa pajani au kwenye tako, kisha hurudi kwenye mashine. Umeme unaoingia ndio huohuo unaotoka. Kwa nini basi kalamu inakata na bamba haliunguzi?

Mfugaji wa Meatu anaweza kulijibu swali hili bila kusomea fizikia. Ng'ombe 100 wakipita kwenye mlango mwembamba wa zizi, husukumana na kupandiana. Ng'ombe haohao wakifika mbugani hutawanyika, na hakuna anayemgusa mwenzake. Ncha ya kalamu ndiyo mlango wa zizi: umeme wote unabanana mahali padogo na joto linapanda. Bamba ndiyo mbuga: umeme unatawanyika na ngozi haipati joto la kudhuru. Kumbuka mfano huu, maana ajali nyingi za mashine hii hutokea pale mbuga inapogeuka kuwa mlango.

Umeme ukitolewa mfululizo, maji ndani ya seli huchemka ghafla, seli hupasuka na nyama hukatika. Ukitolewa kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko katikati, seli hukauka taratibu, damu huganda na mshipa huziba. Daktari huchagua kukata au kuziba kwa kubonyeza kitufe au kukanyaga pedali.

Ipo pia aina ya pili, isiyohitaji bamba. Hiyo hutumia koleo lenye ncha mbili, umeme ukitoka ncha moja na kurudi kwa nyingine, ukiunguza tu kile kilichobanwa katikati. Ni salama zaidi kwenye sehemu ndogo na nyeti, ingawa haifai kila kazi.

Mashine hizi zilipata sifa kutokana na kazi ya watu wawili huko Boston, Marekani. William Bovie, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitengeneza mashine, naye Harvey Cushing, bingwa wa upasuaji wa ubongo, aliitumia tarehe 1 Oktoba 1926 kuondoa uvimbe kichwani mwa mgonjwa. Siku chache nyuma alikuwa amejaribu kuutoa uvimbe huohuo, akalazimika kuacha kwa sababu ya damu. Hofu ya damu iliyomsimamisha Cushing ndiyo inayowakabili madaktari wetu hadi leo.

Inatumika wapi

Katika hospitali zetu dayathemi hutumika kwenye upasuaji wa goita, uvimbe wa matiti, henia, mabusha, uvimbe kwenye kizazi na kuondoa kizazi chenyewe. Wazee wenye tezi dume iliyovimba wanaweza kukwanguliwa kupitia njia ya mkojo kwa kitanzi cha umeme, bila kupasuliwa tumbo.

Lakini tuseme ukweli wote. Upasuaji mwingi unaweza kufanyika bila mashine hii. Mama anaweza kutolewa mtoto salama kwa kisu, vibanio, uzi na shashi, hizo za pamba ambayo wana-Simiyu wanailima kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kituo kisicho na dayathemi hakiwezi kuokoa mzazi. Tena daktari kijana aliyezoea kuziba kila mshipa kwa umeme, asiyejua kufunga fundo haraka, ni hatari siku umeme unapokatika. Stadi zote mbili zinahitajika.

Eneo ambalo joto la umeme lina uzito wa pekee kwa wanawake wa Simiyu ni saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki. Ugonjwa huu hutanguliwa na mabadiliko ya seli yanayochukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani. Yakigunduliwa mapema, huondolewa kwa dakika chache.

Kipimo kinachotumika sana kwetu ni rahisi: mtoa huduma hupaka mlango wa kizazi asidi hafifu inayofanana na siki, kisha huangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ikionekana, zipo njia tatu za kuitibu. Ya kwanza ni kuigandisha kwa baridi, ambayo inahitaji mitungi ya gesi, na mtungi ukiisha katika kituo cha pembezoni huduma inasimama. Ya pili ni kifaa cha joto cha kushikwa mkononi, kinachoweza kutumia betri. Ncha yake hupata joto la nyuzi 100 za Selisiasi au zaidi na kuwekwa mahali husika kwa sekunde 20 hadi 30 kila mguso. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kukitumia mwaka 2019. Ya tatu ni kukata eneo lililoathirika kwa kitanzi cha waya kinachopitisha umeme wa dayathemi, kwa wale ambao eneo lao ni kubwa au limeingia ndani.

Kwa mwanamke wa Mwanhuzi au Lagangabilili tofauti ya njia hizi ni kubwa. Kifaa cha betri kinaweza kubebwa hadi kwenye zahanati siku ya kliniki, akapimwa na kutibiwa palepale. Kitanzi cha umeme kinahitaji hospitali, ganzi, mashine na mtaalamu. Mwanamke anayeambiwa "nenda mkoani" wakati wa palizi, hana nauli na ameacha watoto nyumbani, anaweza asiende kabisa. Baada ya miaka kadhaa atakuja akitokwa damu, na safari yake itakuwa ya Bugando kwa ajili ya mionzi. Hivyo hesabu ya kupeleka vifaa vya joto vijijini ihusishe pia njia ya rufaa kwa wale wachache wanaohitaji kitanzi.

Kinga ipo pia. Chanjo dhidi ya virusi vya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi wa Simiyu mwenye binti wa umri huo asisubiri.

Tohara na hatari ya njia nyembamba

Simiyu ni miongoni mwa mikoa iliyopewa kipaumbele katika tohara kinga ya hiari, kwa kuwa jadi ya Wasukuma wengi haikuwa na tohara. Vijana na wanaume wengi wamepata huduma hii, kwa kawaida kwa ganzi, uzi na vibanio.

Hapa mfano wa zizi unarudi. Dayathemi inayotumia bamba ikiguswa kwenye uume, umeme wote hauna pa kupita isipokuwa shina la kiungo hicho. Shina linakuwa mlango mwembamba kwa mara ya pili. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa inayolisha kiungo kizima, na madhara yake hayarekebishiki. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto, na ni kubwa mno iwapo kuna kibanio cha chuma kimekishika kiungo. Ndiyo maana, pale umeme unapohitajika katika tohara, hutumika koleo la ncha mbili. Mzazi anayempeleka mwanawe kwenye tohara ana haki ya kuuliza: damu mtaizuia kwa nini? Jibu "kwa uzi" ni jibu zuri kabisa.

Bamba linalosahaulika

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Majeraha mengi ya moto yanayosababishwa na dayathemi hayatokei pale daktari anapokata. Hutokea pajani au matakoni, chini ya bamba.

Bamba likiwa limeshika vizuri eneo lote, umeme hutawanyika. Likibanduka upande mmoja, likiwekwa juu ya nywele, kovu, mfupa uliochomoza au ngozi yenye maji, basi umeme wote unapita kwenye kipande kidogo kilichobaki kimegusa. Mgonjwa hasikii chochote. Jeraha linaonekana jioni wodini, na wakati mwingine hudhaniwa ni kidonda cha kulalia.

Katika nchi tajiri bamba hubandikwa mara moja na kutupwa. Kwenye pakiti yake kuna duara lenye namba 2 iliyokatwa mstari, maana yake lisitumike mara ya pili. Gundi yake ikishatumika haishiki tena sawasawa. Hata hivyo, katika hospitali nyingi za nchi zenye kipato cha chini, bamba la kutupwa hurudiwa, hupakwa jeli na kufungwa kwa plasta au bandeji, kwa sababu jipya halipo stoo. Watumishi hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanamwona mgonjwa anayetoka damu mbele yao na wanatumia walichonacho.

Miaka ya 1980 zilianza kuenea mashine zenye uwezo wa kupima kama bamba limeshika, na kupiga kengele au kugoma likiachia. Kinga hiyo inategemea bamba maalumu lenye vipande viwili. Ukiweka bamba la kawaida, mashine nyingi hukubali kufanya kazi, ila mlinzi anakuwa amelala. Kwa hospitali isiyo na uhakika wa kupata bamba jipya kila wiki, suluhisho la busara ni kununua tangu mwanzo mabamba yaliyotengenezwa kurudiwa, yanayosafishika, na kuyabadilisha muda wake unapokwisha.

Ipo kanuni moja ambayo kila muuguzi wa chumba cha upasuaji angepaswa kuijua kama jina lake. Daktari akisema "mashine haichomi, ongeza", usiongeze kwanza. Angalia bamba na waya. Mashine iliyokuwa inachoma dakika tano zilizopita na sasa haichomi inatoa taarifa kwamba umeme hauna njia nzuri ya kurudi. Ukiongeza nguvu, utautafutia njia mbaya.

Hatari nyingine ni moto wenyewe. Dawa za kusafishia ngozi zenye spiriti zikiachwa zitengeneze kidimbwi chini ya mgonjwa au zilowanishe shuka, cheche moja inatosha, hasa kukiwa na oksijeni karibu na uso. Ngozi iachwe ikauke, angalau dakika tatu, kabla ya kalamu kuwashwa. Na moshi unaotoka nyama ikiungua si wa kuzoea. Una kemikali za sumu, na chembe za virusi vya HPV zimewahi kupatikana ndani yake. Mtumishi anayeuvuta kila siku kwa miaka anastahili kifaa cha kuunyonya, au angalau mpira wa kunyonya damu uwekwe karibu na ncha.

Umeme, fundi na bajeti

Mashine ya dayathemi haipendi umeme unaopanda na kushuka. Wana-Simiyu, kama Watanzania wengine, hawajasahau mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024. Hospitali huwa na jenereta, lakini kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka kuna sekunde ambazo mshipa ulio wazi hausubiri. Kabla ya kufunga mashine kwenye chumba chochote cha upasuaji, waya wa ethi upimwe na kidhibiti umeme kiwepo.

Kisha kuna fundi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohusu vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi zenye rasilimali chache, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu zilizotajwa zilikuwa tatu: ukosefu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa teknolojia na miundombinu duni. Vyuo vyetu, ikiwamo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, vinafundisha mafundi na wahandisi wa vifaa tiba. Swali ni kama halmashauri zinawaajiri na kuwapa vipimo vya kufanyia kazi. Fundi asiye na kifaa cha kupima nguvu inayotoka kwenye kalamu anaweza kufuta vumbi tu. Namba inayosomeka kwenye kioo cha mashine si lazima iwe ndiyo inayomfikia mgonjwa.

Wapo watakaosema Simiyu ina mahitaji makubwa zaidi: wataalamu wa usingizi, damu salama, dawa. Ni kweli, na hakuna anayeshauri mashine itangulie damu. Lakini mashine zikishanunuliwa, fedha ya umma imeshatumika. Kuiacha mashine bila bamba, waya na matengenezo ni kulipia mara mbili: mara ya kwanza dukani, mara ya pili kwenye kidonda cha mgonjwa, siku za ziada wodini na rufaa ambayo ingeepukika.

Njia ya kudai haya ipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Kamati hizo mara nyingi huuliza kuhusu dawa na uzio. Ziulize pia maswali manne mepesi. Mashine ya upasuaji ilipimwa na fundi lini mara ya mwisho? Mabamba yaliyopo stoo yanatosha wagonjwa wangapi? Yanarudiwa, na kama ndiyo, yalitengenezwa kurudiwa? Nani amefundishwa kuitumia, na akihamishwa nani anabaki? Diwani naye ayabebe maswali hayo hadi kwenye baraza wakati wa bajeti. Na wanaotoa misaada ya mashine, iwe taasisi au wana-Simiyu waishio mbali wanaokumbuka nyumbani, waambatanishe mabamba, waya wa akiba na mafunzo. Mashine peke yake ni nusu ya zawadi.

Joto la mazoezi tiba

Dayathemi ina ndugu yake ambayo haikati chochote. Katika vitengo vya mazoezi tiba hutumika mawimbi ya kasi kubwa zaidi, kwa kawaida mizunguko milioni 27 kwa sekunde, kupasha joto misuli na viungo vilivyo ndani ili kupunguza maumivu na ukakamavu. Mkulima aliyeinama msimu mzima akipalilia pamba anaweza kupata nafuu ya mgongo au magoti. Lakini ni nafuu ya kusaidia mazoezi, haichukui nafasi ya mazoezi.

Joto hili halimfai kila mtu. Asiwekewe mjamzito, mwenye saratani eneo hilo, mwenye damu iliyoganda mguuni, wala aliyepoteza hisia kwa kisukari au ukoma, kwa kuwa hatajua anapoungua. Vijana wengi waliovunjika kwenye ajali za bodaboda wana vyuma mifupani, na chuma hukusanya joto hilo. Mwenye betri ya moyo au kifaa chochote cha umeme kilichopandikizwa asikaribie kabisa: mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili wenye vifaa vya namna hiyo kichwani kufariki kufuatia tiba hii. Ukisikia tangazo la mashine ya joto inayotibu kila ugonjwa, na hakuna anayekuuliza kama una chuma mwilini, toka.

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji

Kwa mgonjwa na ndugu zake, haya ndiyo ya kuzingatia. Mwambie daktari kama una betri ya moyo, chuma mfupani au nyonga bandia. Vua pete, hereni, bangili, shanga zenye chuma na hirizi iliyofungwa kwa bati. Mkabidhi ndugu yako azitunze, hakuna atakayekucheka. Uliza kama mashine ya umeme itatumika na bamba litawekwa wapi. Ukiwa macho kwa sindano ya mgongo, sema mara moja ukihisi joto lisilo la kawaida sehemu ya juu ambako ganzi haijafika. Baada ya upasuaji, ndugu amwombe muuguzi aangalie ngozi pale bamba lilipokuwa. Wekundu unaopotea ndani ya saa chache si tatizo. Lengelenge, weupe au weusi ni jeraha la moto, na liandikwe kwenye faili siku hiyohiyo ili litibiwe na chanzo chake kitafutwe kabla ya mgonjwa anayefuata kulazwa juu ya meza ileile.

Maswali haya hayamdharau daktari. Daktari mzuri huyapenda, kwa sababu naye anafanya kazi akitegemea bamba ambalo hakulibandika, waya ambao hakuupima na bajeti ambayo hakuiandika. Swali la mgonjwa likifika kwenye kamati ya kituo, na la kamati likifika kwenye halmashauri, huenda siku moja bamba jipya likawa kitu cha kawaida stoo kama ilivyo glovu.